Onyesho la Immensee: uchambuzi wa kisa cha filamu ya mapenzi ya 1943 katika klabu ya mji mdogo

Kisa hiki kinahusu nini

Anayeandaa maonyesho ya filamu za zamani hachelewi kukutana na swali hili: ufanye nini na filamu nzuri ya mapenzi iliyotengenezwa chini ya utawala wa kikatili, na mtu aliyeutumikia utawala huo, wakati ndani ya filamu yenyewe ukatili huuoni popote? Swali hili liliikuta klabu moja ya filamu kaskazini mwa Ujerumani, nami nilikuwa mjumbe wa kamati yake. Jina la mji, la klabu na ya wahusika nimeyaacha. Umri na kazi za watu nimezigeuza kidogo ili wasitambulike. Mambo yanayohusu filamu, kitabu na watu wa historia ni ya kumbukumbu za wazi, nayo nimeyaandika kama yalivyo.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wetu wengi, waliopo nyumbani na walio ughaibuni, wanaanzisha vikundi vya kutazama filamu na wanazigusa filamu za enzi za ukoloni. Watakayokutana nayo hayatatofautiana sana na haya.

Kitabu na filamu yake

Theodor Storm alikuwa mwanasheria wa Husum, mji wa pwani ya Bahari ya Kaskazini. Riwaya yake fupi iitwayo Immensee ilitoka mwaka 1849, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1851. Inaanza na mzee anayerudi nyumbani jioni. Anaketi chumbani bila kuwasha taa, mwanga wa mbalamwezi unapanda ukutani polepole mpaka unaifikia picha ndogo yenye fremu nyeusi, naye anatamka jina moja tu: Elisabeth.

Mzee huyo ni Reinhard. Yeye na Elisabeth walikua pamoja, wakatafuta stroberi msituni wasizione, wakapendana bila kuambiana. Kijana akaenda kusoma mbali. Akarudi likizo ya Pasaka akakuta yule ndege mdogo wa porini aliyempa binti amekufa, na mahali pake kuna ndege wa manjano katika tundu lililopakwa rangi ya dhahabu, zawadi ya rafiki yao Erich, mrithi wa shamba la Immensee kando ya ziwa. Reinhard akaondoka tena, na miaka miwili ikapita asiandike barua. Erich akaposa, akakataliwa mara mbili, mara ya tatu akakubaliwa. Miaka baadaye Reinhard anaalikwa shambani. Jioni moja anawasomea nyimbo za kienyeji alizokusanya, na mmojawapo ni wimbo wa binti anayelia kwamba mama yake ndiye aliyetaka aolewe na mwingine. Elisabeth anainuka na kutoka nje bila kusema neno. Kabla ya mapambazuko Reinhard anaondoka, hawaonani tena.

Filamu ilipigwa katika kiangazi cha 1942, sehemu kubwa katika maeneo ya maziwa ya Schleswig-Holstein, ikazinduliwa Berlin Desemba 1943. Mwongozaji ni Veit Harlan, kampuni ni Ufa. Ni miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za Ujerumani kutumia rangi ya Agfacolor, na hata leo kijani cha matete na weupe wa mayungiyungi juu ya maji humfanya mtu anyamaze. Elisabeth ni Kristina Söderbaum, Mswidi aliyekuwa mke wa Harlan. Reinhart, ambaye filamu inamwandika kwa herufi t mwishoni, ni Carl Raddatz, na Erich ni Paul Klinger. Filamu ilipendwa mno, ikaingiza fedha nyingi.

Tofauti na kitabu ni kubwa. Reinhart wa filamu si mkusanyaji wa nyimbo, ni mtunzi anayekuwa kiongozi mashuhuri wa okestra. Erich anapotambua kwamba moyo wa mkewe uko kwingine, anakubali kumwachia aende zake. Ukarimu huo unamgeuza Elisabeth: anabaki, na safari hii anabaki kwa kupenda. Hata Erich anapokuwa marehemu na Reinhart anarudi akiwa na jina kubwa, mjane anamkatalia na kushikamana na kumbukumbu ya mumewe.

Ombi

Bibi mmoja aliyevuka miaka themanini, mwanachama wa siku nyingi, aliomba filamu hiyo ionyeshwe. Alieleza sababu yake kwenye barua kwa mratibu. Mama yake aliitazama wakati wa vita, baba akiwa vitani mashariki, na mpaka uzeeni alikuwa akiimba muziki wake jikoni. Baba hakurudi. Bibi alitaka kuiona kwenye pazia kubwa, pamoja na watu wengine, kabla macho hayajamwishia.

Mratibu alituma ombi kwenye kamati, barua ikiwa imeambatanishwa. Kumbuka jambo hilo la barua, kwa maana ndilo lililotuponza baadaye.

Kikao cha kamati

Mwalimu mstaafu wa historia alipinga kabisa. Alikuja na karatasi ameandika majina manne: mwongozaji Harlan, mpigapicha Bruno Mondi, mtunzi wa muziki Wolfgang Zeller, mwigizaji Söderbaum. Akatuuliza watu hao wanne walikuwa pamoja wapi miaka miwili kabla. Jibu ni Jud Süß ya mwaka 1940, filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 20, na ambayo Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi, aliagiza askari wake na polisi waonyeshwe. Leo filamu hiyo iko chini ya masharti: huwezi kuionyesha hadharani bila utangulizi na mjadala. Mwalimu alisema mkono uliompiga picha Elisabeth kwenye ziwa ndio uliowapiga picha Wayahudi ili wachukiwe, na yeye hawezi kukaa gizani akalilia kazi ya mkono huo.

Akaongeza kisa cha Hamburg. Harlan alishtakiwa huko baada ya vita kwa kosa dhidi ya ubinadamu kwa ajili ya Jud Süß, akaachiwa mwaka 1949 na tena 1950. Mwaka huohuo wa 1950 Erich Lüth, mkuu wa ofisi ya habari ya jiji, alitoa wito hadharani filamu mpya ya Harlan isusiwe. Filamu hiyo, iliyotoka 1951, nayo ilikuwa ya mapenzi na ilitokana na riwaya fupi nyingine ya Storm, Aquis submersus. Mahakama ya Hamburg ilimkataza Lüth kuendelea na wito wake. Tarehe 15 Januari 1958 Mahakama ya Katiba ikampa ushindi, kwa hukumu ambayo wanasheria wa Ujerumani wanaisoma mpaka leo wanapojifunza uhuru wa maoni.

Mratibu aliipokea hoja hiyo kwa heshima, kisha akaigeuza upande wa pili. Alisema hukumu ile ililinda haki ya Lüth ya kuwaambia watu wasiende, haikumkataza mtu yeyote kwenda. Immensee haimo kwenye orodha ya filamu zenye masharti. Atakayelipia haki za kuonyesha ataipata.

Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ni kukataa ombi. Ilianguka kwa sababu kila mjumbe alijua filamu hii inapatikana madukani, na kwamba tukikataa, bibi ataitazama peke yake nyumbani na sisi tutakuwa tumejitakasa bila kumsaidia mtu. Njia ya pili ni kuionyesha kimya, kama filamu yoyote ya Jumamosi. Ilipata kura moja. Njia ya tatu ndiyo iliyopita: kuonyesha pamoja na maelezo. Kwa kuwa ukumbi wetu ni mdogo tuliweka maonyesho mawili, Jumamosi mbili mfululizo. Mwalimu alipewa utangulizi wa nusu saa. Akaruhusiwa pia kusimama mlangoni na kugawa kijikaratasi chake kinachowataka watu wasiingie. Uamuzi huo wa mwisho niliupenda siku ile na ninaupenda bado.

Onyesho la kwanza

Ukumbi ulijaa. Wazee walikuja wamevaa vizuri, wengine na maua kwenye koti. Safu za nyuma zilikaa na vijana wa chuo cha jirani waliosikia kwamba filamu ya Wanazi itaonyeshwa.

Mwalimu alizungumza kwa umahiri, kwa picha na tarehe, lakini nusu saa ikawa karibu saa nzima. Alieleza Jud Süß kuliko alivyoeleza Immensee. Kisha, akitaka kuonyesha jinsi filamu hizi zinavyoendelea kufanya kazi ndani ya familia, akasema wapo miongoni mwetu wanaoomba filamu hii kwa sababu mama zao waliimba nyimbo zake jikoni wakati baba wako mashariki wanaua. Hakutaja jina, lakini katika mji ule hakukuwa na haja. Bibi aliinuka kutoka safu ya pili, akachukua mkoba wake, akatoka kabla taa hazijazimwa.

Filamu ikaanza. Wazee walikaa wima kama watu walio mahakamani. Nyuma, vijana walikuwa wakingoja. Nilikaa karibu nao, na niliwasikia wakinong'onezana kila picha inapobadilika, wakitafuta bendera, sare, salamu ya mkono ulionyooshwa. Hawakuona kitu. Kwenye tukio la Reinhart na yungiyungi, vijana wawili walicheka kwa sauti, na mzee mmoja akageuka kuwakaripia.

Taa zilipowaka mwalimu aliuliza kama kuna maswali. Kijana mmoja alisimama akasema, kwa adabu kabisa, kwamba amekaa saa moja na nusu akitafuta sumu aliyoahidiwa na hakuiona. Kwa maoni yake hii ni filamu ya kawaida ya mapenzi, tena safi, na pengine kelele zote hizi hazina msingi. Wazee walimpigia makofi. Mwalimu alijibu, lakini watu walikwishaanza kuvaa makoti.

Kilichobadilishwa

Kamati ilikutana katikati ya wiki, na kikao hakikuwa cha furaha. Jambo la kwanza halikuhusu filamu. Mratibu na mwalimu walikwenda kwa bibi kuomba radhi. Kilichosemwa huko kilibaki huko. Sisi tuliambiwa tu kwamba atakuja Jumamosi, na kwamba kama ataongea ataongea mwenyewe.

Kisha tukapanga upya. Utangulizi ukawa wa dakika tatu: mwaka, mwongozaji, alichokitengeneza kabla, na ahadi kwamba tutazungumza baadaye. Baada ya filamu, mapumziko ya chai na keki. Baada ya chai, kurasa mbili za Storm zisomwe kwa sauti: wimbo wa binti na mama yake, na kuagana alfajiri. Halafu mjadala.

Mratibu akaniomba niongeze jambo moja, nami nikapendekeza kisa cha Mohamed Husen. Wajumbe wawili waliuliza kinaingiaje. Nilieleza hivi. Filamu ya mapenzi ya mwaka ule inatuambia ni nani anayepaswa kupendwa na jinsi gani. Nataka watu wajue kwamba ndani ya tasnia hiyohiyo ya filamu, chini ya wizara hiyohiyo ya propaganda ya Goebbels, kulikuwa na mwigizaji kutoka Dar es Salaam aliyefungwa kwa ajili ya mapenzi. Kamati ilikubali, kwa dakika kumi na si zaidi.

Onyesho la pili

Safari hii watu waliitazama filamu, na walilia. Nasema hivyo bila kuona aibu kwa niaba yao. Nilisikia pua zikivutwa hata kwenye safu ya vijana, na Erich alipomwambia mkewe kwamba yuko huru, mwanamke mmoja mbele yangu alishika mkono wa mumewe. Mapumziko yalikuwa na ukimya wa watu waliotoka msibani, vikombe vikilia juu ya visahani.

Bibi alizungumza wa kwanza, akiwa ameketi. Alisimulia mama yake, jikoni, wimbo. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kwamba leo, kwa mara ya kwanza, amejiuliza ni nani aliyetaka mama yake aimbe vile.

Kurasa za Storm zikasomwa. Hapo kulitokea hitilafu ya kijinga. Nakala tulizogawa zilitolewa kwenye chapa ya zamani yenye herufi za kale za Kijerumani, na vijana hawakuweza kuzifuata. Walizigeuzageuza, wakaziweka chini. Bahati nzuri msomaji alikuwa na sauti nzuri, na alipofika kwenye wimbo, ukumbi mzima ulielewa mara moja kitu ambacho utangulizi wa karibu saa nzima haukukifikisha: katika kitabu, ndoa ile ni jeraha. Mwanamke mmoja wa makamo akasema, "Mbona kwenye filamu wameifanya kuwa zawadi?" Mjadala wa kweli wa usiku ule ulianza na swali hilo.

Zamu yangu ilipofika nilieleza kwa kifupi. Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikuja Berlin, akadai malipo ya uaskari, yake na ya baba yake, asipewe. Akafanya kazi ya uhudumu wa meza, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini, nyingi akiwa mtumishi au askari mwaminifu katika hadithi za makoloni. Filamu yake ya mwisho ilikuwa Carl Peters ya 1941, inayomtukuza mwanzilishi wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ambaye kwetu jina lake ni la damu. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila kufikishwa mahakamani akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Alikuwa humo kiangazi cha 1942 wakati kamera zikizunguka ziwani. Alikuwa humo usiku wa uzinduzi wa Immensee. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo liko jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake, limepachikwa kwenye njia ya miguu ya mtaa mmoja wa Berlin.

Nilikaa. Mzee mmoja akasema kwa hasira kwamba hii ni filamu ya ziwa na mapenzi, Afrika imeingiaje? Kabla sijajibu, kijana yule wa Jumamosi iliyotangulia, ambaye alirudi, akasema kwamba yeye ndiye aliyetafuta sumu asiione, na sasa anadhani alikuwa akitafuta mahali pasipo penyewe.

Matokeo

Mjadala ulikwenda hadi mlinzi wa jengo alipokuja kutikisa funguo. Vijana walikuwa wameanza kuondoka mapema kwa sababu ya basi la mwisho, kwa hiyo nusu saa ya mwisho ilibaki ya wazee na kamati. Mwanachama mmoja alijiuzulu kwa barua, akisema klabu imegeuka darasa. Wengine wawili walijiunga. Bibi aliomba kurasa nilizosoma kuhusu Husen azipeleke kwa binti yake. Yeye na mwalimu wanasalimiana, na sina la kuongeza hapo.

Uchambuzi

Nianze na somo zito kuliko yote. Utangulizi wa Jumamosi ya kwanza ulifanya kinyume cha ulichokusudia. Ukimwambia mtazamaji kwamba kuna sumu, ataitafuta kwa macho, na macho yatatafuta yanachokijua: bendera, kofia, hotuba. Immensee haina hivyo. Kwa hiyo kila dakika iliyopita bila bendera ilikuwa ushahidi wa utetezi, na mwisho wa filamu ukawa kama hukumu ya kuachiwa huru. Wengi wanaoonyesha filamu za kipropaganda huiga utaratibu unaotumika kwa filamu zenye masharti, yaani maelezo kabla. Kwa filamu ya wazi kama Jud Süß utaratibu huo una maana, kwa sababu chuki inaonekana kwenye pazia na mtazamaji anahitaji kinga. Filamu ya mapenzi inafanya kazi kwa njia nyingine: inamfanya mtu atamani jambo fulani. Huwezi kuchunguza tamaa ambayo mtu bado hajaipata. Ilibidi watu waguswe kwanza, ndipo waulize walichoguswa nacho ni nini.

Na walichoguswa nacho, kwa maoni yangu, ni mke anayebaki. Fikiri juu ya ukumbi wa Desemba 1943. Vita ya Stalingrad, ambako Wajerumani walishindwa, imekwisha Februari. Hamburg imeungua Julai. Berlin yenyewe inapigwa mabomu mfululizo tangu Novemba. Waliokaa kwenye viti wengi ni wanawake ambao waume zao wako mbali au wamekufa, na mbele yao kwa rangi za ajabu anaonekana mwanamke mwenye kila sababu ya kuondoka, naye anabaki kwa hiari, na hata akiwa mjane anabaki. Utawala ulihitaji wanawake wa namna hiyo kuliko ulivyohitaji hotuba nyingine. Si mimi wa kwanza kuisoma filamu hivi, lakini sijaona njia ya haraka ya kuonyesha jambo hili kuliko kuweka kitabu kando yake. Storm hakumpa Elisabeth ushindi wowote. Alimpa mama aliyeamua, mchumba aliyenyamaza miaka miwili, na mume mwema asiyejua. Filamu ilichukua maumivu hayo ikayafulia, ikayapiga pasi, ikayarudisha yakiwa wajibu mtamu. Kwa hiyo uamuzi wa kusoma kurasa mbili ndio uliokuwa bora kuliko yote, ingawa ulikuwa wa gharama ndogo kuliko yote. Kosa la herufi za kale linaonekana dogo, lakini lilitunyima vijana kwa dakika kumi. Mtu aichape upya kwa herufi za leo. Ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu Husen, yule mzee aliyekasirika alikuwa na hoja nusu. Nilimleta Husen bila kujenga daraja la kutosha. Kilichounganisha ni sheria za ubaguzi wa rangi za 1935 zilizoanza kuingia chumbani mwa watu na kupanga nani ampende nani, pamoja na wizara iliyosimamia filamu zote. Hayo yangesemwa kwanza, kwa dakika mbili, swali lake lisingekuwa na pa kusimama. Hata hivyo sikubaliani kwamba hayahusiani. Nilipokuwa nikitazama wale wapenzi wakipiga makasia, nilikuwa najua kwamba mtu wa lugha yangu alikuwa nyuma ya seng'enge siku zilezile kwa sababu ya kupenda, na kwamba tasnia iliyompa nafasi ya mtumishi kwenye pazia haikumtetea nje ya pazia. Mtazamaji Mjerumani hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Ninayelijua nikinyamaza, ni nani atakayelisema?

Kosa la barua linahitaji kusemwa peke yake. Maneno ya bibi yalikuwa ya mratibu. Hayakupaswa kwenda kwa kamati nzima, na yakienda yalipaswa kuondolewa mambo ya familia. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Aliona mfano mzuri akautumia. Lakini alimgeuza mtu aliyetuamini kuwa kielelezo mbele ya majirani zake, na kwa muda wa wiki moja tulimpoteza mtu pekee ukumbini aliyekuwa na historia ya filamu hii mwilini mwake. Aliporudi na kusema kwa hiari yake, sentensi yake moja ilizaa zaidi ya slaidi zote. Tangu hapo klabu ina kanuni: ombi la mwanachama linaletwa kwa kamati kama jina la filamu tu, na sababu zake atazitoa mwenyewe akitaka.

Kijikaratasi cha mlangoni kilifaulu kimyakimya. Watu wachache walikisoma wakarudi nyumbani, wengi walikisoma wakaingia wakiwa nacho mfukoni, na hakuna aliyeweza kudai kwamba upande wa kupinga ulizibwa mdomo. Kilimpa pia mwalimu mahali pa kuweka hasira yake ya haki nje ya ukumbi, hivyo Jumamosi ya pili alikaa akasikiliza, na alipochangia alichangia kuhusu filamu.

Muda tuliukosea mara zote mbili. Filamu ya saa moja na nusu, chai, usomaji na mjadala haviwezi kuanza saa mbili usiku mahali ambapo basi la mwisho linaondoka saa tano. Saa kumi alasiri ingetosha.

Ombi jipya limekwisha kuja. Ni la Opfergang, filamu ambayo Harlan aliitengeneza sambamba na Immensee, kwa waigizaji walewale wakuu, kutoka riwaya fupi ya Rudolf Binding. Katika kitabu anayekufa ni mume. Katika filamu mume anapona, na anayekufa ni mwanamke wa nje. Kamati imekubali kuionyesha alasiri, kurasa za Binding zimekwisha kuchapwa upya kwa herufi zinazosomeka, na mwalimu ameshaomba nafasi yake mlangoni.